Prado 250, Defender mpya, Jimny: kabla ya kubishana sura, tuiname tuangalie uvungu

Mkonga_Chake (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Habari zenu wapenzi wa gari za porini, wa Unguja na wa Pemba.

Tangu Prado mpya, hii wanayoiita 250, ianze kuonekana, baraza zimegawika. Kuna wanaosema Toyota imerudi kwenye asili yake, na kuna wanaosema imeharibu kila kitu. Defender mpya ya Land Rover ndiyo usiseme, miaka inapita na watu bado hawajapatana. Nimefuatilia mabishano haya kwa muda, na kinachonikera ni kwamba karibu yote yanahusu sura: taa za duara au za mstatili, boneti imelala au imesimama. Mie nasema gari ya kisiwani ihukumiwe kwa uvungu wake na kwa uwezo wa fundi aliye karibu nawe. Naeleza, halafu nanyi mnipinge.

Prado 250 ilizinduliwa Agosti 2023. Imekaa juu ya chesisi ileile ya TNGA-F inayobeba Land Cruiser 300, na kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni milimita 2,850, sawasawa na hiyo 300. Difu ya nyuma ni nzima kama tulivyozoea, yaani ekseli moja ya chuma inayounganisha magurudumu mawili. Injini ya dizeli ni 1GD ya lita 2.8, ambayo mafundi wetu washaizoea kwenye Hilux na kwenye Prado 150 za mwisho. Usukani sasa ni wa umeme, hauna tena mafuta. Na kwenye baadhi ya matoleo kuna swichi ya kuiachia stabilaiza ya mbele, ule upau unaozuia gari kuinama kwenye kona, gurudumu lipate kushuka zaidi penye shimo. Kwa hiyo anayesema Prado imekuwa gari ya mjini, hajalala chini ya gari akaangalia.

Linalonipa wasiwasi mie ni upana. Prado 150 ilikuwa na milimita 1,885, hii mpya ina 1,980. Yaani karibu sentimita 10 zimeongezeka. Kwa mtu mwenye barabara ya njia nne hilo si tatizo. Lakini chukua njia ya msitu wa Ngezi kwenda Makangale na Vumawimbi, au zile njia za mashambani Konde, mikarafuu huku na mikarafuu kule, na mbele yako anakuja mtu na gari ya ng'ombe. Hapo utakunja vioo vya pembeni na bado utakwaruza mlango.

Sasa Defender. Ile ya zamani ilimalizika Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, baada ya ukoo ulioanza 1948. Mpya ilioneshwa Septemba 2019 na inaundwa Nitra, Slovakia. Chesisi ya peke yake imeondoka, bodi na chesisi ni kitu kimoja cha alumini, na kila gurudumu lina mguu wake mbele na nyuma. Kwenye maji kiwanda kinasema inaingia hadi milimita 900, ile ya zamani ilikuwa 500. Mie sina shaka kwamba dereva wa kawaida atafika mbali zaidi na hii mpya kuliko na ile ya zamani, maana kompyuta inamsaidia kugawa nguvu kila gurudumu linapoteleza. Suala langu ni siku itakapoumia. Springi za upepo, sensa za kupima urefu, vipuri vya kusubiri kutoka Dar au Dubai, na pengine Pemba nzima usipate mashine ya kuisoma. Ile ya zamani ukiivunja Micheweni, mtu mwenye spana na mtungi wa kuchomelea anakurudisha Chake.

Jimny ya 2018 ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Suzuki walikuwa na kila sababu ya kuifanya laini, soko la dunia ndilo linataka hivyo, na hawakufanya. Chesisi ipo, difu nzima mbele na nyuma, gia ndogo ipo, na upana ni milimita 1,645 tu. Hiyo inapita pale Prado inaporudi nyuma. Injini ya lita 1.5 ni dhaifu kweli, ukiwa na watu wanne na mlima wa Mkoani utaisikia inalia. Lakini walipoibadili walijua kipi wasikiguse.

Na Land Cruiser 70, hii tunayoiita mkonga, nayo ilitiwa mkono 2023: taa za duara zimerudi na kuna toleo la 2.8 lenye gia otomatiki. Wazee wamelalamika. Mie sijalalamika, maana Afrika ile injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na turbo bado ipo kwa anayeitaka.

Karibuni.

---

MwanaMakunduchi

Shekhe, umeandika vyema, ila hiyo hesabu ya maji milimita 900 naomba tuisimamishe hapahapa kabla kijana hajaiamini akaingia baharini.

Sie huku kusini tunaijua ile njia ya kutoka Unguja Ukuu kwenda Kisiwa cha Uzi, ile ya mawe inayokatisha mikokoni. Maji yakijaa, njia ilikuwa haionekani. Wenyeji walikuwa wakienda kwa saa za maji, na wakati wa bamvua hata mwenyeji alikuwa akisubiri. Nilikuwepo siku moja ilipoingia gari moja mpya kabisa, sitoitaja jina, ya mgeni. Maji yalikuwa hayajafika hata katikati ya gurudumu. Gari ikawasha taa zote za onyo kwenye dashibodi, ikajishusha chini yenyewe, ikazima. Tumeivuta kwa kamba na mkonga wa zamani, maji yanapanda huku tunamuomba Mungu.

Kiwanda kinapima kwenye maji matulivu, gari ikienda polepole, na kikimaliza majaribio kuna mtu wa kuiosha. Yetu yana chumvi, yana mkondo, na chini kuna jiwe ambalo hulioni.

---

Fundi_Kutu

Hapo kwenye chumvi ndipo nilikuwa nasubiri tufike.

Mie kazi yangu ni chini ya gari, asubuhi hadi magharibi. Nataka niwaambie kitu ambacho wapimaji wa mitandaoni hawakisemi. Gari hizi mpya, karibu zote, uvungu umefunikwa na sahani za plastiki. Wameweka ili upepo upite vizuri na gari itumie mafuta kidogo. Gari ikienda ufukweni Jambiani au Matemwe, mchanga unaingia juu ya zile sahani na hautoki. Mwenye gari anapeleka kuoshwa, wanapiga maji bodi, gari inang'aa, anarudi nyumbani ameridhika. Ule mchanga wenye chumvi umelala mle ndani mbichi wiki nzima, umegusana na chesisi na mabomba ya breki.

Nimefungua sahani ya gari isiyo na umri mkubwa, mchanga ukamwagika ndoo tele. Nilipogusa upau wa chesisi wa nyuma kwa nyundo ndogo, wala sikupiga, nimegusa tu, kutu ilibanduka kama gome la mdalasini, tabaka juu ya tabaka. Chini yake chuma kimekuwa chembamba, bisibisi inapita.

Alumini nayo msidhani imesalimika. Haioti kutu nyekundu, lakini pale bolti ya chuma inapokutana na alumini, maji ya chumvi yakikaa, inafanya unga mweupe na bolti haifunguki tena. Hata Land Rover za zamani ndivyo zilivyokuwa: bodi ya alumini inadumu, chesisi ya chuma ndiyo inayokufa.

Nauliza na siku zote nauliza, nani katika wanaosifu gari hizi ameuliza kama matundu ya kutolea maji kwenye chesisi yapo wapi na yanafikiwa vipi? Kwenye mkonga unaingiza mpira wa maji, unaona mchanga unatokea upande wa pili.

---

BintiMkwajuni

Waalaykum salaam kaka zangu. Nawasoma, na nina heshima kubwa kwa Fundi, lakini mnazungumza kana kwamba gari inapanda mwanamme mmoja mwenye mgongo mzima.

Mie naendesha kila siku, na nina mama mwenye maradhi ya mgongo. Hizo Land Rover 109 za zamani na mikonga mnazozisifu, nyuma mnakaa ubavuubavu kwenye viti vya benchi, hakuna mkanda, springi ngumu za kubebea mizigo, kila shimo linamfika mama kwenye uti. Nimempeleka hospitali ya Mnazi Mmoja kwa gari kama hiyo na nimempeleka kwa Prado. Siyo mambo ya kulinganisha. Kwenye gari hizi mpya kuna mifuko ya hewa mpaka pembeni, gari inajishika breki yenyewe ikiona kitu mbele, mtoto ana mkanda wake. Na barabara zetu za sasa, lami inafika karibu kila kijiji kikubwa cha Unguja. Porini tunakwenda kidogo, kwenye lami tunakwenda kila siku, na mnajua wenyewe vijana wa bodaboda wanavyochomoza vichochoroni.

Kaka Mkonga, umetoa hesabu ya chesisi na difu. Umesahau aliyekaa ndani.

---

Mkonga_Chake

Dada yangu, hilo nalipokea, na ndiyo maana Prado 250 nimeitetea. Imemtunza aliye ndani bila kuiondoa chesisi. Ninachopinga ni gari inayokubembeleza vizuri halafu ikilala wiki 3 Chake inasubiri sensa, na wakati huo mama anakwenda hospitali kwa gari ya kukodi. Kwangu mie usalama ni pamoja na gari kuwaka kesho asubuhi.

Fundi, hilo la sahani za plastiki ni zito. Wenye 300 na 250 walisome mara mbili.

---

Dereva_Paje

Mie niongeze tairi, maana nyote mmeziruka.

Sie wa mashariki tunakaa juu ya jiwe. Ukitoka lami ukaingia njia za Michamvi au Pongwe, ardhi ni matumbawe makavu, yana makali. Jiwe hilo halitoboi tairi pale inapokanyaga, linachana ubavu, na ubavu hauzibiki. Sasa watengenezaji wanazidi kutuletea rimu kubwa, nchi 20, tairi yenye ubavu mwembamba kwa sababu inapendeza kwenye picha. Ukitaka kupunguza upepo uingie mchangani huwezi kushuka sana, rimu inakaribia jiwe. Kwenye mkonga wenye tairi za nchi 16 nashusha upepo hadi PSI 16 au 18, ubavu unavimba, gari inapita juu ya mchanga bila kuchimba.

Kwa hiyo anayenunua 250 au Defender, aulize rimu ndogo kabisa inayoingia bila kugusa breki. 18 ipo. Achukue hiyo. Wageni wangu hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ukubwa wa rimu, ila wakikwama juani Pongwe wanaiona tofauti.

---

Kijana_Fumba

Wakubwa zangu shikamooni. Naomba nitofautiane kwa adabu.

Mie Defender mpya naipenda na sioni haya. Sura ina maana. Mtu ananunua gari anayoitamani tangu utoto, na Land Rover wangeendelea kuunda ileile ya zamani wasingeuza, kwa sababu sheria za moshi na za kulinda anayegongwa zisingeikubali. Basi ama ibadilike ama ife. Waliotaka ya zamani wametengenezewa Ineos Grenadier, ya yule tajiri wa Kiingereza Jim Ratcliffe, inaundwa Hambach, Ufaransa, ina chesisi na difu nzima mbele na nyuma. Lakini hata hiyo injini ni ya BMW yenye kompyuta. Kwa hiyo ile gari ya spana na nyundo mnayoitaka, mpya haipo tena kwao.

Na mabadiliko haya hayakuanza leo. Pajero ilitupa chesisi ya peke yake 1999. Patrol ilipotoka Y62 mwaka 2010 iliacha difu nzima, watu wakasema imekwisha. G-Class ya 2018 mbele imewekwa miguu ya kujitegemea. Hata Land Cruiser 100 ya 1998 ilitukanwa kwa hilohilo, na leo nyie wenyewe mkiiona 100 nzima mnaizunguka mara tatu.

---

Mzee_wa_Gia

Marhaba kijana. Umesema kwa hoja, nami nakujibu kwa hoja.

Kweli 100 ilitukanwa. Lakini kumbuka pembeni yake Toyota waliacha 105, yenye difu nzima mbele, kwa nchi zenye kazi ngumu. Hawakumnyang'anya mtu. Aliyetaka starehe alipata, aliyetaka kazi alipata. Ndivyo wanavyofanya hadi leo: 300 kwa wakubwa, 250 katikati, 70 kwa wenye shamba. Land Rover hawakuacha kitu pembeni. Mkulima aliyekuwa anabebea magunia yake kwa One Ten, ile Land Rover 110 ya zamani, hana pa kwenda kwao, na hilo ndilo linalotuuma sie tuliokua na gari hizo. Sura hatukuigombania.

Land Rover ya kwanza inasimuliwa kuwa Maurice Wilks aliichora kwa kijiti kwenye mchanga wa pwani, kisiwa cha Anglesey, mwaka 1947. Mtu wa shamba, pwani, kisiwani. Gari ile ilizaliwa kwa ajili ya watu kama sie. Ikishakuwa ya kuegeshwa mbele ya hoteli, nina haki ya kusikitika.

---

Karafuu_Makangale

Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote na nina suali la haja.

Tuna shamba la mikarafuu upande wa Makangale. Msimu ukifika tunabeba majamvi, wachumaji, na karafuu kavu hadi kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Masika njia yetu ni udongo wa kinamo, gari ya kawaida inateleza hadi mferejini. Baba kazeeka, naye anataka kwenda shamba kila akipata nafasi. Ndugu zangu walioko nje wanataka tuchange tuagize Prado 250 ya dizeli kutoka Japani. Wengine wanasema 300. Mnashauri nini?

---

Mkonga_Chake

Waalaykum salaam ndugu yangu, jirani kabisa.

300 iacheni. Ilipotoka 2021 kule Japani foleni ilifika miaka, na wanunuzi walitia saini ahadi ya kutoiuza kwa muda ili isitoroshwe nje. Bei yake mnaijua. Halafu ni kubwa kwa njia yenu.

250 ya dizeli kutoka Japani, subirini kidogo mlielewe hili. Zile za soko la Japani zina filta ya masizi kwenye ekzosi, na zinataka maji ya urea, ya kupunguza sumu ya moshi, kwenye tangi lake la peke yake. Filta ile inajisafisha gari ikikimbia moto muda mrefu. Pemba yetu kutoka ncha hadi ncha ni kilomita kama 67, na nyie mnatoka Makangale hadi Konde mnarudi. Safari fupifupi, gia ndogo, injini haipati moto wa kutosha, filta inaziba. Urea nayo ikimalizika gari ukishaizima haikubali kuwaka tena. Ukiagiza ile iliyoundwa kwa soko la Afrika hadithi inabadilika, lakini ya mtumba kutoka Japani ina hayo.

---

Fundi_Kutu

Nathibitisha hilo la urea. Na msikubali mtu awaambie ataikata filta na kuidanganya kompyuta. Nimeletewa gari zilizofanyiwa hivyo, kila wiki zinarudi na taa mpya.

Kwa kazi uliyoieleza, pikapu ya 70 yenye 1HZ. Pampu ya mafuta haina kompyuta, mafundi wa Wete wanaijua macho yamefumbwa, na spea zinaingia kwa kila boti. Ni nzito kwenye kinamo, kwa hiyo mtafute yenye difu loki, inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, na masika mtie tairi za matope, msitie hizi za mchanganyiko. Kabla ya kulipa, mwenye gari aipandishe, akupigieni picha ya upau wa nyuma, pale springi zinaposhika chesisi, na mabomba ya breki juu ya tangi. Akisita, ondokeni.

---

BintiMkwajuni

Na baba? Pikapu ile kiti cha mbele ni cha juu, mzee anapanda vipi?

---

Mzee_wa_Gia

Dada ana haki. Wachomelee ngazi ya chuma chini ya mlango na mshikio ndani. Mie mwenyewe gari yangu imefungwa hivyo na napanda bila kushikwa. Kiti wabadilishe, wachukue cha Prado kuukuu, wasubiri fundi mzuri wa kuchomelea reli zake, kinakaa sawa. Kama watoto wa nje wana fedha ya ziada, basi gari ya pili iwe Jimny kwa ajili ya baba, itapita njia zote za shamba hata masika ikiwa na tairi nzuri, kwa sababu ni nyepesi.

---

Dereva_Paje

Naunga mkono Jimny. Ila ya milango mitatu mzee hatokaa nyuma, mkae naye mbele. Ile ya milango mitano iliyotoka 2023 ni nzuri zaidi kwa familia.

---

Karafuu_Makangale

Allah awalipe kheri. Nimewasomea ndugu zangu majibu yote kwa simu jana usiku. Tumekubaliana pikapu ya 70 kwanza, msimu wa karafuu upite, halafu tutaizungumza Jimny ya baba. 250 tumeiweka kando mpaka tupate ya soko la Afrika.

Fundi, nitakutumia picha za uvungu nikizipata. Na nani anajua duka la Wete au Chake lenye tairi za matope 7.50R16, mpya, si za kuchongwa?